Elfu Tano Jumlisha Elfu Tano

   Wasikilizaji, leo katika mazungumzo yetu ya kujifunza kuandika programu za kompyuta ningependa mwenye kalamu aishike, kwa sababu tutaandika vitu vichache. Asiye na kalamu asihofu, nitarudia.

Jambo la leo ni kubadili aina ya data. Kubadili maandishi yawe namba, namba iwe maandishi, namba yenye nukta iwe namba kamili. Vitabuni jambo hili huchukua ukurasa mmoja, mwanafunzi akakariri amri tatu nne akaendelea mbele. Mimi naona ukurasa ule mmoja ndio unaowatesa vijana wetu miezi mingi baadaye. Kwa hiyo leo hatuna haraka nao.

Tuanze na mfano. Tuseme kuna kikundi cha vikoba, yaani cha kuweka na kukopeshana, kinachokutana kila Jumamosi. Mhazini ni binti anayejifunza lugha ya Python, lugha iliyoanzishwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa hadharani mwaka 1991, na ambayo leo ndiyo wanafunzi wengi huanza nayo. Binti huyu amechoka na daftari la michango, ameamua aandike programu ndogo. Mstari wa kwanza, programu inauliza: mwanachama wa kwanza ametoa kiasi gani? Anaandika 5000. Mstari wa pili, programu inauliza kuhusu mwanachama wa pili. Anaandika 5000. Mstari wa tatu, programu ijumlishe na kuonyesha jibu.

Elfu tano jumlisha elfu tano. Ni ngapi, msikilizaji? Elfu kumi. Mtoto wa darasa la pili anajua. Lakini skrini ya binti yetu inaonyesha tano, sufuri tatu, halafu tano nyingine na sufuri tatu. 50005000. Isome kama namba uone: milioni hamsini na elfu tano.

Je, kompyuta imekosea hesabu? Hapana. Kompyuta haikufanya hesabu kabisa. Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Katika Python, amri inayopokea kitu kilichoandikwa kwenye kibodi inaitwa input. Amri hiyo ina tabia moja ambayo haibadiliki: chochote utakachoandika, inakurudishia kama maandishi. Ukiandika jina la mtu, ni maandishi. Ukiandika 5000, ni maandishi pia: alama ya tano, ikifuatwa na alama tatu za sufuri. Wanafunzi huyaita stringi. Na alama ya kujumlisha inapowekwa kati ya maandishi na maandishi, kazi yake ni kuyaunganisha. Asha jumlisha Juma inakupa AshaJuma. Basi 5000 jumlisha 5000 ikakupa 50005000. Kompyuta imefanya ilichoagizwa, kwa uaminifu kabisa.

Nirudie, maana hili ndilo la msingi. Kinachotoka kwenye kibodi ni maandishi. Hata kikiwa na sura ya namba, ni maandishi mpaka wewe useme vinginevyo.

Hapa nitoe tahadhari kwa wanaojifunza kwa vitabu vya zamani. Katika Python ya zamani, ile ya toleo la pili, amri ya input ilisoma ulichoandika kana kwamba ni sehemu ya programu yenyewe, na ukiandika 5000 ilikupa namba. Toleo la tatu lilipotoka mwaka 2008, tabia hiyo iliondolewa. Kwa hiyo ukiona kitabu kinaonyesha jibu la elfu kumi na kompyuta yako inaonyesha milioni hamsini, angalia kitabu kiliandikwa lini.

Sasa tunabadilije? Andika kwenye daftari herufi tatu: i, n, t. Hiyo ni int, amri ya kupata namba kamili. Unaiandika, unafungua mabano, unaweka ndani maandishi yako, unafunga mabano. Binti yetu akifanya hivyo kwa michango yote miwili kabla ya kujumlisha, skrini itasema 10000. Amri ya pili ni float, ya kupata namba yenye nukta, kama kilo 2.5 za sukari. Ya tatu ni str, ya kurudisha kitu kiwe maandishi. Int, float, str. Hizo tatu zitakufikisha mbali.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema, basi mwalimu, somo limekwisha: kila nikiona tarakimu naweka int. Ndugu yangu, hapo ndipo matatizo yenyewe yanapoanza!

Tuendelee na programu yetu ya vikoba. Binti anataka kuhifadhi pia namba za simu za wanachama. Namba za simu zetu huanza na sufuri: 07 na kuendelea, au 06 na kuendelea. Anaipokea namba ya simu, anaona ni tarakimu tupu, anaiwekea int. Kompyuta inakubali bila kelele. Lakini akitazama alichohifadhi, sufuri ya mwanzo haipo. Tarakimu kumi zimekuwa tisa. Kwa nini? Kwa sababu kwenye hesabu, sufuri iliyotangulia namba haina thamani. Saba na sufuri-saba ni kitu kimoja. Kompyuta imetupa kisicho na thamani kihesabu, na kumbe kwenye simu ile sufuri ina kazi yake.

Na je, ukibadilisha tena iwe maandishi, ukaweka str, sufuri itarudi? Haitarudi. Kompyuta haikumbuki kwamba iliwahi kuwepo. Kubadili aina kuna njia za kwenda na kurudi salama, na kuna njia za kwenda tu.

Kwa hiyo kabla ya kubadili maandishi kuwa namba, jiulize swali moja. Liandike kwa herufi kubwa kwenye daftari lako: JE, NITAKIFANYIA HESABU? Mchango wa Jumamosi, nitaujumlisha? Ndiyo. Basi ni namba. Namba ya simu, nitaijumlisha na namba ya simu ya jirani? Sitaijumlisha wala kuigawanya. Basi iache iwe maandishi, hata kama haina herufi hata moja ndani yake. Namba ya usajili ya mwanafunzi, maandishi. Namba ya akaunti ya benki, maandishi. Sanduku la posta, maandishi. Umri, namba. Bei, namba. Uzito wa mtoto kliniki, namba.

Kwa wasikilizaji wa Tanzania kuna mfano ulio wazi zaidi, namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Ina tarakimu ishirini. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mara nyingi karani huombwa kuorodhesha namba za NIDA za watu, na anachofungua ni Excel. Sasa sikiliza vizuri. Excel ikiona tarakimu tupu hukisia kwamba hii ni namba ya hesabu. Na kwa namba za hesabu, Excel hutunza tarakimu 15 tu. Ukiingiza tarakimu ishirini bila vistari katikati, tano za mwisho zinageuka kuwa sufuri, na kwenye kisanduku unaona kitu kifupi chenye nukta na herufi E. Karani anadhani ni sura tu imebadilika, anapanua kisanduku, anahifadhi faili na kulituma. Tarakimu tano za kila mtu kwenye orodha ile zimekwenda, na hakuna namna ya kuzipata humo tena. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kusajiliwa eneo moja wanaweza kuwa na namba inayofanana kwenye faili hilo.

Dawa yake ni nyepesi: kabla ya kuandika chochote, chagua safu nzima, uiambie Excel kwamba safu hii ni ya maandishi. Kabla, nasisitiza. Ukifanya baada, umechelewa.

Na wenzetu wanaoandika programu za kwenye kurasa za wavuti kwa JavaScript wasijione wako salama. Namba ya kawaida ya JavaScript inahesabu kwa uhakika mpaka kwenye tarakimu kumi na sita hivi, ikizidi hapo inaanza kukadiria. Python yenyewe haina tatizo hilo kwa namba kamili, hata ziwe ndefu vipi. Lakini programu yako ya Python ikituma namba ile kwenye ukurasa wa JavaScript, mambo yanaharibikia huko. Tunarudi palepale: namba ya kitambulisho hujumlishi, basi ni maandishi.

Tatizo hili la Excel kukisia aina si la makarani peke yao. Limewasumbua hata wanasayansi wa jeni duniani. Kuna jeni ya binadamu iliyoitwa SEPT1, na nyingine MARCH1. Ukiingiza SEPT1 kwenye Excel, inaona tarehe moja Septemba. Ukiingiza MARCH1, inaona tarehe moja Machi. Makala nyingi za kisayansi zilichapishwa zikiwa na orodha za jeni ambazo ndani yake zimechomekwa tarehe. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadili majina yenyewe: SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Hebu fikiri, msikilizaji. Jina la kitu kilichomo mwilini mwako na mwangu limebadilishwa ili programu ya kompyuta isiligeuze tarehe. Miaka mitatu baadaye Microsoft waliweka kwenye Excel chaguo la kuzima tabia hiyo.

Turudi kwa mhazini wetu. Safari hii ameshajua kuweka int kwenye michango, na simu ameziacha maandishi. Programu inakwenda vizuri kwenye kompyuta yake. Jumamosi anampa mama mwenyekiti aijaribu mwenyewe. Mama mwenyekiti anaulizwa kiasi, naye anaandika kama anavyoandika siku zote kwenye risiti: 5,000/=. Tano, mkato, sufuri tatu, kistari cha mshazari, alama ya sawasawa. Programu inasimama palepale, na maneno mekundu yanajaa kwenye skrini. Mama wa watu anaondoa mikono kwenye kibodi, anauliza, "Nimeharibu?"

Hajaharibu. Ameandika hela kama sote tunavyoandika hela Afrika Mashariki. Ila amri ya int haijui mkato, wala haijui alama zetu za shilingi. Inachokubali hasa ni tarakimu, pengine na alama ya kutoa au ya kujumlisha mbele, na nafasi tupu mwanzoni au mwishoni, ambazo inaziondoa yenyewe. Ukiipa 5,000 yenye mkato inagoma. Ukiipa elfu tano kwa maneno inagoma. Ukiipa 2.5 ikiwa maandishi inagoma pia, hiyo lazima ipitie kwenye float kwanza. Na ukibonyeza tu kitufe cha kuingiza bila kuandika kitu, inagoma. Kosa hilo Python inaliita ValueError: aina ni sahihi, ni maandishi kama inavyotarajiwa, lakini kilichomo ndani hakisomeki kama namba. Jambo dogo litakalowafurahisha wasikilizaji wetu wa Oman na Ghuba: tarakimu za Kiarabu, zile za kuandikia ٥٠٠٠, int ya Python inazisoma bila shida yoyote na kukupa elfu tano.

Sasa mwanafunzi anapoona programu imegoma, huona amefeli. Nataka nilitetee kosa hili. Kugoma ni hisani. Lugha inakuambia: sina uhakika na ulichonipa, sitakisia kwenye hela za watu. Linganisha na JavaScript. Katika JavaScript ukichukua maandishi 5000 ukajumlisha na namba 5000, haigomi, inakupa 50005000. Halafu ukichukua maandishi hayohayo 5000 ukatoa namba 1000, inakupa 4000, hesabu sahihi! Kwenye kujumlisha imeunganisha, kwenye kutoa imehesabu, na kote kuwili haijasema neno. Python, ukijaribu kujumlisha maandishi na namba, inasimama na kukwambia hivi viwili havichanganyiki. Kwa anayejifunza, mimi nachagua lugha inayogoma. Kosa linaloonekana leo kwenye skrini utalirekebisha leo. Lililokaa kimya utalikuta mwisho wa mwaka, siku ya kugawana.

Ingawa Python nayo ina sehemu zake za kunyamaza, na ni haki nizitaje. Ukiwa na maandishi 5000 ukazidisha kwa mbili, haigomi, inayarudia mara mbili: 50005000 tena. Ukiwa na michango iliyobaki kuwa maandishi, mmoja 9000 na mwingine 10000, ukaiuliza upi mkubwa, inakujibu 9000. Inalinganisha alama moja moja kuanzia kushoto, kama kamusi inavyopanga maneno, na alama ya tisa inakuja baada ya alama ya moja. Basi aliyetoa elfu tisa anatangazwa kuwa ndiye aliyetoa zaidi, mbele ya aliyetoa elfu kumi.

Na kuna moja ambayo huwashangaza wengi. Programu inauliza: mwanachama amelipa? Jibu ndiyo au hapana. Mtumiaji anaandika hapana. Mwanafunzi anataka jibu hilo liwe kweli au si kweli, anatumia amri ya bool. Je, bool ya neno hapana inatoa nini? Inatoa kweli. Neno hapana linageuka kuwa kweli! Kwa sababu Python haisomi Kiswahili, wala Kiingereza haisomi. Kwake, maandishi yoyote yenye hata herufi moja ni kweli, na maandishi matupu ndiyo si kweli. Kwa programu ya namna hiyo kikundi kizima kitaonekana kimelipa. Njia sahihi ni kulinganisha: je, jibu ni sawa na neno ndiyo? Ulinganisho huo ndio unaokupa kweli au si kweli.

Basi tumfanyie nini mama mwenyekiti na 5,000/= yake? Ushauri wangu ni huu. Fanya mabadiliko mlangoni, mahali data inapoingia, na uyafanye pale tu. Pokea maandishi. Ondoa mkato, ondoa alama za shilingi, kwa amri ya replace ambayo hubadilisha alama moja kwa nyingine au kwa maandishi matupu. Halafu jaribu int. Ikigoma, usiiache programu ife. Python ina maneno mawili ya kazi hiyo, try na except: jaribu hili, likishindikana fanya lile. Na lile unalofanya liwe ni kumwambia mtu kwa Kiswahili chema, "Tafadhali andika kiasi kwa tarakimu, mfano 5000," kisha umuulize tena. Ikishapita mlangoni kama namba, ndani ya programu ibaki namba mpaka mwisho. Usiwe na programu ambayo kiasi kilekile ni namba kwenye mstari wa kumi, maandishi kwenye mstari wa ishirini, namba tena kwenye mstari wa thelathini. Utapotea mwenyewe.

Nirudie: badilisha mlangoni, kagua mlangoni, ndani iwe aina moja.

Tumalizie upande wa nukta, halafu niwape habari ya roketi. Int ya namba yenye nukta haikadirii, inakata. 3.9 inakuwa 3. Wala haikuonyi. Chukua shilingi 10000 uwagawie watu watatu. Kila mmoja anapata 3333 na nukta na tatu nyingi. Ukikata kwa int, kila mmoja 3333, jumla 9999. Shilingi moja imebaki, na mhazini mwema lazima aseme imebaki wapi. Ukitaka kukadiria badala ya kukata, kuna amri ya round. Nayo ujue kwamba ikikuta nusu kamili huenda upande wa namba shufwa: 2.5 inakuwa 2, na 3.5 inakuwa 4. Kwa hela, ushauri wa watu wa kazi hii ni kuhesabu kwa shilingi nzima au senti nzima, namba kamili, na kuepuka float kadiri inavyowezekana. Jaribu mwenyewe kuandika 0.1 jumlisha 0.2 kwenye Python. Utaona 0.3 ikifuatwa na sufuri nyingi na 4 mwishoni. Float hutunza namba kwa mfumo wa moja na sufuri, na kwenye mfumo huo sehemu moja ya kumi haiandikiki ikaisha.

Sasa roketi. Tarehe 4 Juni mwaka 1996, huko Kourou, Guiana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini, nchi za Ulaya zilirusha kwa mara ya kwanza roketi yao mpya, Ariane 5. Ilibeba setilaiti nne za utafiti. Sekunde kama 40 baada ya kuanza safari, ilipinda ghafla, ikaanza kuvunjika, na ikajilipua.

Tume ya uchunguzi ikiongozwa na Mfaransa Jacques-Louis Lions ilikuta nini? Ilikuta kubadili aina ya data. Ndani ya kompyuta ya kuongoza roketi kulikuwa na thamani inayohusiana na mwendo wa kwenda upande, iliyotunzwa kama namba yenye nukta ya biti 64, yaani nafasi 64 za moja au sufuri. Programu ikajaribu kuigeuza iwe namba kamili ya biti 16, ya aina inayokubali hasi na chanya. Namba kamili ya aina hiyo haiwezi kuzidi 32,767. Ilikuwa ni kumimina debe zima kwenye kikombe. Thamani ilizidi, programu ikagoma, na ubadilishaji huo haukuwa umewekewa ulinzi. Kompyuta ya akiba ilikuwepo, lakini ilikuwa na programu ileile, nayo ikaanguka kwa sababu ileile.

Kinachonisikitisha mimi ni mambo mawili ndani ya ripoti ile. La kwanza, programu ilikuwa imerithiwa kutoka roketi ya zamani, Ariane 4, ambayo mwendo wake mwanzoni mwa safari ulikuwa mdogo zaidi. Kule thamani ile haikuwahi kufika ukomo. La pili, waandishi walijua hatari. Walitambua thamani saba ambazo zingeweza kuzidi, wakaziwekea ulinzi nne, tatu wakaziacha kwa kuamini haziwezi kufika huko. Na hesabu yenyewe iliyoangusha roketi ilikuwa haihitajiki tena baada ya roketi kuondoka ardhini. Walikuwa mainjinia wazuri, wakitumia lugha ya Ada, lugha kali kuliko Python kwenye mambo ya aina. Lugha ilifanya kazi yake, ikasema hapana. Aliyepaswa kujibu hapana hiyo hakuwa ameandikiwa jibu.

Kwa hiyo kijana ukiona mwalimu anakusumbua na try na except kwenye programu ya mistari kumi, mvumilie.

Wasikilizaji, muda unatuishia, nitoe zoezi la wiki. Andika programu inayopokea namba ya NIDA, na mwisho iseme mwenye namba hiyo anatimiza miaka mingapi mwaka huu. Kwa mazoezi buni namba yako, usitumie ya mtu. Mkiwa Kenya, Kongo au kwingineko, buni namba ya tarakimu ishirini ambayo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku. Mtaona ni zoezi tamu, kwa sababu namba nzima ni maandishi na itabaki maandishi, lakini alama nne za mwanzo mtazichomoa, na hizo nne peke yake mtaziwekea int, kwa kuwa hizo mnazifanyia hesabu: mwaka huu toa mwaka wa kuzaliwa. Mkitaka kuongeza ugumu, chomoeni na mwezi na siku, ili programu ijue kama siku ya kuzaliwa imeshapita. Mwezi wa nane utakuja kama sufuri-nane. Msiogope, int ya maandishi 08 inatoa 8. Ila mkiandika 08 wenyewe ndani ya programu bila alama za kunukuu, Python itagoma, na sababu yake nawaachia mkaitafute. Mtu akiingiza tarakimu kumi na tisa, programu imwambie. Akiingiza vistari katikati, programu iviondoe yenyewe bila kumsumbua.

Juma lijalo tutachukua majibu yenu tuyapitie moja moja hapahapa, kisha tuingie kwenye orodha, yaani namna ya kuweka michango ya kikundi kizima chini ya jina moja.